Kuikalia Mikono

Jumanne, chumba cha juu cha kituo cha zimamoto, Podgora.
Theluji ya Machi imegoma kuondoka dirishani.
Bi Cirila amekuja na daftari, penseli mbili
na chupa ya asali, ambayo ndiyo ada yangu,
kwa sababu chama cha wafuga nyuki hakina hela.
Kina tovuti tu,
na tovuti haina mtu tangu Jernej ahamie Graz.

"Nikibonyeza vibaya, itaungua?"
Haiungui, Bi Cirila.
"Itafutika?"
Kuna kapu la taka, hutunza siku thelathini.
Akaandika: taka, siku thelathini.
Akapiga mstari chini yake. Akapiga wa pili.

Somo lile nililiharibu.
Kishale kilimpotea, nikamnyang'anya kipanya:
bofya, bofya, buruta, hifadhi, umeona?
Aliona kama abiria anavyoona miti.
Nilisema kategoria, nilisema wijeti,
nilisema "ni rahisi tu,"
maneno yanayomfungia mtu mlango huku yakimkaribisha.
Akafunga daftari. Akavaa glavu zake
kidole kimoja kimoja.
Nikarudi nyumbani na asali nisiyoistahili.

Jumanne iliyofuata niliketi juu ya viganja vyangu.
Kweli kabisa: viganja chini ya mapaja,
kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki.
Nikamwuliza alifanya kazi gani kabla ya nyuki.
"Posta. Miaka thelathini na mmoja, dirisha la pili."
Basi nionyeshe posta humu ndani, nikasema.

Akainamia kioo, miwani kwenye ncha ya pua.
Kimya. Bomba la kupasha chumba likakohoa.
"Hii rasimu," akasema, "ni barua isiyolambwa gundi.
Hizi kategoria zako ni vile vijumba vya ukutani,
Kranj huku, Maribor huku, ng'ambo kule juu.
Na hiki," kidole kikaelea juu ya Chapisha, hakikutua,
"ni sanduku lenyewe. Ukiachia, umeachia."
Hapana, nikamwambia, hapa unaweza kuifuata barua
hadi mezani kwa mtu, ukaisahihisha huku anaisoma.
Alinitazama kana kwamba nimetamka jambo la aibu.
"Posta," akasema, "tungefukuzwa kazi."

Kisha akabofya mwenyewe.
Dakika kumi na nne kuweka kichwa cha habari.
Mara tatu kishale kilipita palepale panapotakiwa,
mara tatu niliuma ulimi.
Viganja vilikufa ganzi.

Wiki ya tatu hakuja.
Saa nne usiku simu yangu ikawaka: ukurasa mpya.
MABUU YANAOZA KWA RADOVAN. MSIHAMISHE MIZZINGA.
Herufi kubwa tupu, z moja zaidi,
na picha ya sega lenye vishimo vyeusi
imelala ubavu kama mgonjwa mwenyewe.
Kategoria: Mapishi.

Nywila kuu ninayo mimi.
Kurekebisha yote ni dakika moja, pengine chini.
Kipanya kilikuwa pale, kimekaa mkao wa kiganja changu.
Nilikwenda kuosha vyombo.
Niliviosha hata vilivyokuwa safi.

Alfajiri lori la Blaž, lililokwisha kufungwa kamba,
mizinga arobaini ya kwenda kwenye mashamba ya maua ya njano,
halikuondoka. Alikuwa amesoma.
Hakuna aliyemwuliza kuhusu ile z.

Nami nikafungua tena, chai mkononi.
Picha imesimama wima.
Z iliyozidi imeondoka.
Imehaririwa na Cirila, saa kumi na dakika ishirini usiku,
saa ambayo mtu wa posta, nadhani,
aliamka kuifuata barua yake.

Kategoria bado ni Mapishi.
Jumanne nitamwuliza hii ni ya kijumba kipi,
na nitanyamaza
mpaka ajibu.